Niliomba Mama Apimwe Mkono Mmoja Tu

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitafutie mwenzangu wa kulibeba. Haya ninayoandika mama yangu hayajui, mume wangu hayajui, na naogopa siku watakayoyajua.

Mimi nanunua na kuuza ndizi katika soko la Tengeru. Mtu akitaja bei, moyo unaniambia kuna nyingine imejificha chini yake, na siondoki mpaka niione. Nahesabu chane, nahesabu tena, nageuza mkungu nione upande wa pili. Nadhani hata jeneza langu nitaliombea punguzo.

Mama anaishi huko juu mlimani na migomba yake, kahawa kidogo, na ng'ombe mmoja mwenye hasira. Mwaka huu alianza kulalamikia mkono wa kushoto. Unauma kuanzia begani hadi kwenye kiwiko, hasa akimaliza kukamua. Nikampeleka kliniki moja mjini. Daktari akamshikashika, akasema apimwe misuli kwa ultrasaundi waone unene wake, halafu aminye kifaa cha kupima nguvu.

Mama akabaki kwenye benchi. Mimi nikaenda kwa dada mpimaji kuuliza bei. Akaitaja. Nikacheka kile kicheko changu cha sokoni.

"Hiyo ni ya mikono miwili," akasema.

"Unaouma ni mmoja, dada yangu."

"Tunapima yote, mama. Misuli ya watu haifanani. Nisipouona mwenzake, nitajuaje kama huu umepungua au ndivyo ulivyo?"

"Mwenzake mzima, haujawahi kulalamika. Nilipie mkono usioumwa? Na miguu je, nayo niilipie?"

Akacheka bila kutaka. Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kunung'unika. "Haya, mmoja. Ila umekataa mwenyewe."

Nikajiona nimeshinda.

Wakampaka mama jeli mkono wa kushoto. Msuli ukaonekana umejaa vizuri. Alipominya kile kifaa, mpimaji akashangaa. "Bibi, una nguvu kuliko mimi."

"Njoo unikamulie ng'ombe wangu," mama akasema, "na wewe utazipata."

Tukaambiwa ni uchovu. Ushauri uliofuata haukuwa wa daktari, ulikuwa wangu. Nilimwambia mama apumzishe wa kushoto, kila kitu abebe kwa wa kulia.

Wiki chache baadaye nilimwachia binti yangu, ana mwaka na nusu. Jioni nilipopanda kumchukua, nilimwona mama anavuka ubao wa mfereji nyuma ya banda la ng'ombe. Mtoto yuko mkono wa kulia, kama nilivyomfundisha.

Hakuteleza. Hakujikwaa. Mkono ulifunguka tu, kama fundo lililolegea, na mtoto akaenda majini.

Mvua ilikuwa imenyesha, maji ya kahawia yanakimbia. Sijui nilifikaje. Nilimdaka kwa gauni, karibu kabisa na lile bomba linalopitisha maji chini ya njia. Zilibaki hatua zangu mbili, labda tatu, aingie humo, na hata leo nikifumba macho naliona lile bomba. Mtoto akakohoa, akalia. Ndipo nikakaa naye kwenye matope.

Mama alikuwa bado amesimama juu ya ubao, anautazama mkono wake.

"Nilimshika," akasema. "Mwanangu, naapa nilimshika."

Tulirudi kliniki. Siku hiyo sikuuliza bei. Wakapima mikono yote miwili, na hata mimi nisiyesomea udaktari niliona kwenye kioo cha mashine. Kushoto msuli mnene. Kulia umekonda, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mkono wa kulia ulikuwa unaisha kimyakimya, bila maumivu yoyote. Wa kushoto uliuma kwa sababu ulikuwa unafanya kazi ya yote miwili.

Daktari anahisi kuna mshipa wa fahamu umebanwa shingoni. Akasema tungewahi ingekuwa rahisi zaidi, sasa hawezi kuahidi kwamba nguvu zitarudi. Dada mpimaji aliniangalia mara moja, akainama. Afadhali angenitukana.

Tukiwa getini mama akauliza, "Mbona mara ya kwanza huu hawakuupima?"

"Mashine ilikuwa na shida, mama."

"Basi ni uzee wangu," akasema.

Tangu hapo hambebi mjukuu wake. Mtoto akimnyooshea mikono, yeye anaficha yake ndani ya kanga na kuangalia pembeni. Anajiona mtu wa hatari. Na mimi niliyemfikisha hapo nipo palepale, namwangalia.

Wiki ijayo tunakwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Atauliza mbona tatizo halikuonekana mapema, na mama atakuwa amekaa karibu yangu. Naliogopa hilo swali.

Wewe unayempeleka mzazi hospitali, ubishi wako uache nje ya geti. Mpimaji akisema mikono miwili, mkunjie mama yako nguo mikono yote miwili, halafu ukae kimya. Na kama umeshaharibu kama mimi, mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Mimi nilijaribu jana. Nilipiga simu, akapokea, nikaishia kumuuliza kama huko juu mvua imenyesha.