Dobi Anajifunza Kupiga Picha

Mdogo wangu ni dobi, na mimi ndiye niliyemlea baada ya mama yetu kufariki, kwa hiyo nikimsema msinishangae. Nina ruhusa.

Kwa pasi hana mpinzani. Suruali aliyoinyoosha yeye, ukiivaa unaogopa kukaa. Ila ndoa ilimshinda. Wifi simlaumu, walichokana tu, basi. Wazee wa pande zote mbili walikaa wakakubaliana watoto wamfuate mama yao, ambaye alikuwa amepata kazi ya uuguzi ng'ambo, mbali huko ambako dobi hafiki hata akinyoosha nguo za mji mzima. Safari ilikuwa mwisho wa mwezi.

Siku ile ile ya kikao akaenda kununua kamera ya mitumba. Nikamwambia, "Wewe una wazimu? Wenzako wanalilia wana wao, wewe unanunua kamera?"

"Dada," akasema, "Kidoti bado mdogo mno. Nikija kumwona tena atakuwa mtu mwingine. Nataka picha moja tu ambayo nikiitazama nitasema, huyu ndiye."

Kidoti ndiye kitinda mimba wake. Kaka yake tunamwita Bwana Maswali, maana hata usingizini anauliza.

Basi ikawa kazi. Kabla ya kila picha dobi wetu anawavua watoto nguo, anazipiga pasi, anawavisha tena, halafu anawasimamisha ukutani nyuma ya kibanda chake. Marufuku kukaa, marufuku kukunja mkono, nguo zisije zikaharibika.

"Baba, nikipumua itajikunja?" Bwana Maswali akauliza.

"Pumua polepole," akajibiwa. Haki ya Mungu nilicheka mpaka nikakaa chini.

Picha akazipeleka kwa fundi picha wa mtaa wa pili, mzee mmoja asiyejua kubembeleza mtu. Mzee akazipitia moja moja, akavua miwani. "Nguo nimeziona," akasema. "Watoto wako wapi?"

Lilimchoma hilo, siku hiyo hakula. Lakini mzee hakumwacha hivi hivi, alimfundisha. Chuchumaa, macho yako yawe sawa na ya mtoto. Mwache karibu na mlango, mwanga umjie ubavuni. Usimwite, usimwambie acheke. Subiri, na ukiona kitu bonyeza kwanza, mengine baadaye.

Mdogo wangu akajifunza kama mtu anayefukuzwa. Alitambaa sakafuni mpaka magoti yakachubuka. Wateja walikuja kuchukua nguo wakazikuta bado zimelowa kwenye beseni. Aliwapiga picha watoto wakila, wakigombea sabuni, Kidoti akimvisha paka soksi. Nyingine zilitoka ukungu mtupu, nyingine kichwa hakimo, lakini kila siku zilikuwa afadhali kuliko za jana, nami na mdomo wangu huu nikaanza kunyamaza. Yeye hakuridhika. Anatazama kioo cha kamera, anatikisa kichwa. "Bado. Huyu si yeye."

Siku zikawa zinakwisha na yeye anakonda. Asubuhi moja nilimkuta amesimama mbele ya meza yake, analia bila kujificha, na shati la mteja linaungua chini ya pasi. Nikaiondoa pasi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku ya safari gari lilikuja mapema. Wifi akakaa mbele, masanduku yakapakiwa nyuma. Bwana Maswali akampa baba yake mkono kama mtu mzima, akamuuliza atakuja lini. Baba yake akamnyooshea kola ya shati, mtoto akapanda.

Kidoti alikuwa amebaki mlangoni, gauni limejikunja lote, mwanga unampiga upande mmoja wa uso. Akatazama masanduku, akamtazama mama yake ndani ya gari, ndipo akaelewa. Akamgeukia baba yake na kunyoosha mikono yote miwili, mdomo wazi, machozi yamejaa lakini hayajaanguka.

Baba yake akachuchumaa. Nikajua sasa anambeba. Kumbe anaitafuta picha. Akabonyeza, akabonyeza tena.

"Weka hiyo kamera umchukue mtoto, mwendawazimu wewe," nikamfokea.

Alipoiteremsha, wifi alikuwa ameshashuka, ameshamwinua mtoto na kurudi naye garini, dereva anapiga honi. Kilio cha Kidoti tulikisikia mpaka gari lilipokata kona.

Fundi picha alipoiona picha ile alivaa miwani akaitazama upya. Kisha akaitoa kwa ukubwa, akaomba aitundike dukani kwake. "Hii hata mimi sijawahi kuipiga," akasema, na yule mzee hasifu mtu. Kweli ni Kidoti mwenyewe, mzima mzima, mpaka kovu lake la kidevuni. Ukisimama mbele yake, mikono ile inakujia wewe.

Mdogo wangu hakukubali itundikwe. Aliniletea mimi, imefungwa kwenye gazeti, akaniomba nimhifadhie, maana kwake amejaribu kulala nayo chumba kimoja ameshindwa. Nikamwambia, "Si ndiyo hii uliyoitaka, baba? Umeipata."

"Alitaka nimbebe, dada," akasema. "Na mimi mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kamera."