Mama wa Kipese na Shu Yake

Wiki hii nilikwenda studio moja ya Butembo kupiga picha ya pasipoti, nikamkuta mama aliyetoka Kipese amepakata kabichi, hii tunayoiita shu. Mpiga picha alimwonyesha picha yake kwenye kamera: uso unang'aa, na chini yake doa la kijani.

"Shu yangu iko wapi?"

"Ni ukungu wa lenzi, mama, uso tu ndio unaonekana wazi. C'est artistique, ni sanaa."

"Binti yangu wa Kampala anasema niuzishe shamba, ati udongo ilichoka. Nataka aone hii shu. Donc nimutumie ukungu?"

Mpiga picha alikuna kichwa. Akachukua kioo kidogo cha kuchungulia mlangoni, akakibandika mbele ya lenzi kwa utepe. "Nyoosha mikono, mama." Safari hii shu ilijaa kwenye picha kama ngoma ya kanisa, na nyuma yake kwa mbali kichwa cha mama, kidogo kama limau.

Mama alicheka mpaka akaketi. "Voilà! Hii kamera inasema kweli."

Sisi wengine tunatafuta lenzi ya kupunguza tumbo.

"Na ile ya kwanza, yenye sura nzuri, niifute?" aliuliza mpiga picha.

"Baki na sura, mwana wangu. Miye naenda na shu."