Mlinzi Aliyenikaba

Nakumbuka jioni moja kule Berega, mwanangu, nilipolia kwa sababu ya mpira wa pete, na leo nikiikumbuka nacheka mpaka mbavu zinauma. Nataka uisikie kabla hujapanda basi kesho kwenda Mikumi kwenye fainali yenu. Nimekusikia ukimwambia mama yako kuwa yule mlinzi wa timu ya Ruaha hutampa mkono, mshinde msishinde. Nimeshindwa kunyamaza.

Nilikuwa mfungaji wa timu ya wasichana ya Magole, na sisi wa bondeni tulijiona hatushikiki. Tukapanda milimani kucheza na wenzetu wa Berega. Aliyenikaba aliitwa Debora, msichana mrefu, mkimya, mwenye mikono isiyoisha. Kila nikitaka kurusha, mkono wake umeshafika. Mwishoni tulikuwa sawa kwa sawa. Nikaupata mpira chini ya pete kabisa, nikarusha, naye akaudaka hewani. Wakaenda kufunga wao, na filimbi ikalia.

Sasa desturi ya siku zile ilikuwa hii: timu ngeni inalala kwa wenyeji, na kila mchezaji anakwenda nyumbani kwa yule aliyekabana naye. Basi nikamfuata Debora huku nimevimba kama andazi. Mama yake alikuwa amemwita jirani Mwislamu aje kuchinja kuku, ili mimi nile bila wasiwasi. Nikasema nimeshiba. Nimeshiba nini, vumbi la uwanjani?

Yule mama akanisogezea sahani taratibu.

“Mwanangu, asiyekubali kushindwa si mshindani. Halafu fikiri. Leo watu wote walikuwa wanautazama mpira. Huyu peke yake alikuwa anakutazama wewe. Utampata wapi mwingine wa kukujua hivyo?”

Nikala, na paja nikaongezewa. Tulipokwenda kulala Debora akaniambia siri yake: kabla ya kurusha, nilikuwa nauma mdomo wa chini. Tukacheka mpaka mama yake akagonga ukuta.

Milima haikutani, binadamu hukutana. Tukaolewa, kila mmoja kwao. Siku moja tukakutana sokoni Dumila, mimi nina mimba iliyokomaa. Nyumbani kila aliyeniuliza hali nilimjibu sijambo, wakaridhika. Debora hakuuliza hali.

“Unauma mdomo,” akasema. “Unaumwa tangu lini?”

“Tangu jana, lakini kidogo tu.”

“Kidogo gani, dada? Twende hospitali.”

Akaliacha kapu lake palepale chini, akasimamisha lori la mahindi, akamwomba dereva mpaka akakubali. Daktari alituambia kuwa tungesubiri hadi jioni, mtoto asingepona, na huenda hata mimi nisingepona. Mtoto yule, mwanangu, ndiye mama yako.

Kwa hiyo nisikilize. Kesho cheza kwa nguvu zako zote. Yule wa Ruaha usimhurumie, naye asikuhurumie, maana mkihurumiana hamtajuana. Filimbi ikilia mfuate, hata kama machozi yanakutoka. Mpe mkono, muulize jina na kwao, chukua namba yake ya simu, na namba hiyo isikae bure. Mpigie siku ya harusi na siku ya msiba. Kombe mtalirudisha mwakani wagombee wengine. Mtu huyo anaweza kubaki wako mpaka mzeeke.

Mimi nitakuwepo. Debora naye anakuja, tumeshapanga tukae pamoja, na ameniapia kuwa atawashangilia Ruaha ili aniudhi tu. Nina furaha mpaka hamu ya kula imekwisha, na safari hii si kwa kununa.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe miguu myepesi na macho makali, akurudishe mzima, na akujaalie mtu wa kukukaba vizuri.