Kivuli Usoni mwa Sahebu Hawkridge

Shemeji yangu Jagmohan Lal alikuwa mchoraji, na mikono yake ilikuwa na baraka kuliko kichwa chake. Hapa Patna, Uhindini, ukoo wao umechora wakubwa tangu enzi za nawabu, watawala wetu wa zamani, kwa brashi za manyoya ya mkia wa kindi.

Hakimu wetu Mzungu, Sahebu Hawkridge, alikuwa amemfunga mume wangu, kaka yake Jagmohan, eti kamjibu vibaya mpima afyuni wa serikali. Akawa anavunja kokoto barabarani, minyororo miguuni. Basi yule mbwa akamwambia Jagmohan, "Nichore. Ukinipendeza, namwachia kaka yako."

Jagmohan akamchora kwa moyo wake wote, uso mweupe, safi, kama walivyochorwa wafalme. Sahebu akautupa mchoro sakafuni.

"Uso bapa kama chapati! Kivuli kiko wapi, mpumbavu wewe?"

Jagmohan alirudi nyumbani anafoka. "Shemeji, mtu mkubwa hatiwi giza usoni! Anayepakwa weusi ni mwizi, akazungushwa sokoni juu ya punda."

"Tia kidogo tu," nikamwambia. "Mimi namtaka mume wangu, basi."

"Kidogo? Kanitukana mbele ya matarishi wake! Anataka giza, atalipata."

Akasaga masizi ya taa, akaipaka nusu ya uso ule mchoroni, nyeusi tii, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Na Sahebu akaupenda! Akautundika nyuma ya kiti chake mahakamani, akaamuru mume wangu aletwe, ashukuru mbele ya watu, kisha afunguliwe.

Tukaenda. Makarani wote walikuwa wameinamisha macho, wanauma midomo. Mume wangu akaingia, kakonda, akakutanisha viganja kifuani, akainua kichwa kutoa shukrani. Akauona ule mchoro.

Lo! Akaangua kicheko, mahakama nzima ikamfuata. Sahebu hakujua anachekwa nini, ila alijua anachekwa.

"Mrudisheni barabarani!"

Mvua hazijaanza, akafia huko barabarani; wakatuletea nguo zake tu. Jagmohan akaja kunishika miguu, analia kama mtoto.

"Nisamehe, shemeji."

"Niachie miguu yangu," nikamwambia. "Wewe hasira zako ulizimaliza kwa yule Mzungu. Mimi zangu nizipeleke wapi?"