Pambano la Radi na Injini

Siku moja ya kuchimba viazi pale Yakobi, mwanangu, niliwapiganisha mabondia wawili ambao hawajawahi kukutana hata njiani, na kidogo nikose mume. Kaa nikuhadithie. Hiyo simu weka pembeni, haitakimbia.

Nimekuanzia hapo kwa sababu jana nimewasikia wewe na wenzako kibarazani. Yule bondia wa zamani angekutana na huyu wa sasa, kila mmoja kwenye ubora wake, nani angelala chini? Mmoja anapiga kelele, "Mzee yule angekaa raundi mbili tu!" Mwingine, yule mwenye sauti ya mbuzi aliyenyimwa chumvi, simtaji, anajijua, "Eeeeh, we humjui yule!" Mnadhani mmeanzisha nyie. Sisi tulibishana hivyohivyo kabla mama yako hajazaliwa, na wala hatukuwa na simu.

Wa kwetu, wa kwanza aliitwa Radi. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, siku sita anakata mkonge, Jumapili anapigana ngumi na vibarua wenzake. Watu walisema hakuna aliyesimama mbele yake raundi zote. Lakini mimi nilipomjua alishakuwa babu wa fimbo na kikohozi, na koti zito halivui hata jua liwake vipi.

Wa pili aliitwa Injini, kijana wa Makambako, anapakia mizigo stesheni ya reli. Akipigana, watu wanatoka Njombe kwenda kumwona. Mimi nilimwona sokoni nilipopeleka maharage na shangazi yangu. Anatembea mabega yametangulia, pua anavuta, fnn, fnn, kama mtu anayenusa chungu cha jirani. Nikasimama kumwangalia mpaka shangazi akanivuta sikio, akadhani nimempenda. Nilikuwa naiba mwendo wake tu.

Maana kazi yangu ilikuwa hiyo. Shule sikwenda, walikwenda wadogo zangu. Lakini mtu akipita mbele yangu mara moja, jioni nampitisha tena jikoni, mama anacheka mpaka mboga inaungua. Mchungaji nilimweza. Balozi wa nyumba kumi nilimweza, na lile tumbo lake linaloingia mkutanoni kabla yake. Watu wakanisifu, nami sifa nikazila kama viazi vya moto, bila kupuliza.

Basi siku hiyo tulikuwa kwenye mgowe, ile kazi ya kusaidiana, leo shamba la huyu, kesho la yule. Shamba lilikuwa la Mama Tumaini. Sikiliza vizuri hapa usipotee: Mama Tumaini ni binti wa yule Mzee Radi, aliolewa pale Yakobi. Na mchumba wangu Zakayo ni mtoto wa kaka yake. Kwa hiyo Radi ni babu yake Zakayo, na ndiye mkubwa wa nyumba yao kule Makambako. Jumamosi inayofuata alikuwa aje kwetu kusema neno la posa. Bila yeye kusema, hakuna mwingine wa kusema.

Mchana tukakaa kwenye majani tunakunywa togwa. Vijana wakaanza. "Radi wa enzi zake na Injini huyu wa sasa, nani mkali?" Kelele! Mmoja ana jembe mkononi anaonesha konde la kushoto, karibu amtoe mtu jicho. Mwisho wakasema, "Luiza atuoneshe! Luiza, wapiganishe!"

Nikasimama. Nikaanza na Injini. Mabega, pua, fnn, fnn, narukaruka kwenye matuta, narusha ngumi, tuf, tuf! Wakapiga makofi. Halafu nikamleta Radi. Nikachukua mpini wa jembe nikaufanya fimbo. Nikakohoa, kho, kho, kho, mpaka mgongo ukapinda. Nikasema kwa sauti yake, "Ngoja kwanza... nani amechukua koti langu?" Nikampa refa fimbo anishikie, nikainyang'anya tena. Nikasinzia kwenye kona. Injini akampulizia tu, fuu, mzee chini, miguu juu!

Watu wanalia kwa kicheko. Mmoja togwa lilimtokea puani. Mimi niko chini kwenye udongo, macho nimefumba, nakoroma, nasubiri wazidi kucheka. Nikasikia kimya. Kimya kabisa, mwanangu. Nikafumbua jicho moja. Naona viatu. Juu ya viatu, koti.

Mzee alikuwa ametoka Makambako kuja kumsalimia binti yake. Nilipiga magoti palepale, viazi vinaniumiza magoti, nikamwamkia kwa Kibena. "Kamwene, babu."

Akaniangalia. Hakukunja uso. Akasema, "Kikohozi umekipatia." Akamgeukia Mama Tumaini, "Mwanangu, nimekuona, narudi." Hakunywa hata maji.

Jumamosi ikafika. Mama alichinja kuku wawili, baba alivaa ile suruali yake ya Krismasi. Tukakaa, tukakaa. Chakula kikapoa. Hakuja mtu. Jumatatu Zakayo akaja peke yake, amesimama mlangoni anakunja kofia.

"Babu anasema hajaiona njia ya kuja huku," akasema.

"Amekasirika sana?"

"Angekasirika ningefurahi. Amekaa tu. Haongei."

Ndipo nikalia. Zakayo nilimpenda, mwanangu, usinicheke. Alikuwa na mdomo mzito lakini akikubebea kuni hakuhesabii.

Shangazi yangu, mwanamke mkali, alikuja kwa sauti yake ile ya kupasua magogo: "Nyamaza! Ulicheza mbele za watu, utaomba msamaha mbele za watu. Kamata kuku." Nikakamata kuku. Tukapanda lori la viazi, mimi na shangazi na kuku juu ya magunia, mpaka Makambako. Unaujua upepo wa Makambako. Kuku alifika amekonda.

Tukamkuta mzee amekaa juani anapukuchua maharage. Mkewe yuko jikoni, moshi unatoka mlangoni. Nikapiga magoti, nikasogeza kuku kwa mikono miwili, nikasema maneno shangazi aliyonifundisha njiani. Nilikosa, nilikuvunjia heshima, nisamehe. Aliyasikiliza yote. Halafu akasema:

"Kuku kaa naye kwanza. Siku ile walibishana juu ya nani?"

"Juu yako, babu. Na Injini."

"Radi yupi?"

Nikamshika kuku vizuri, alitaka kutoroka.

"Radi wa enzi zake, walisema. Nilisikia, nilikuwa nimesimama kwenye ile miti ya miwati. Nilisimama kusudi. Miaka mingi sijasikia vijana wanalitaja hilo jina. Nikasema moyoni, ngoja niwaache waendelee." Akachukua maganda akayatupa pembeni. "Injini ulimleta vizuri. Na hiyo pua yake. Nikafurahi, nikasema sasa anakuja Radi. Ukaniletea babu yake Zakayo."

Mwanangu, ningeweza kuingia chini ya gunia la maharage.

"Babu," nikasema, "Radi mimi sikumwona."

"Hukuuliza."

Nilitegemea atanifukuza. Akasema, "Simama. Weka fimbo chini."

"Sina fimbo, babu."

"Ndiyo, lakini bado umeishika."

Akanifundisha akiwa amekaa palepale, magoti yake hayakumruhusu kusimama haraka. "Viwiko vibanwe. Kidevu ndani, kama unaficha kitu cha mama yako. Mguu huo, hapana, huo mwingine. Usirukeruke, mimi sikuwa panzi. Mimi nilikuwa nakuja polepole, kama mtu anayekuja kufunga mlango." Halafu akashusha sauti: "Na nilikuwa naimba."

"Unaimba, babu? Ulingoni?"

"Ndani ya meno. Wimbo wa kanisani wa Kibena, aliotufundisha mama yangu. Nilikuwa naogopa, mjukuu wangu. Kila Jumapili. Wenzangu walidhani nanguruma, ndiyo wakaniita Radi."

Basi nikamwiga. Viwiko, kidevu, ule mwendo wa mtu anayekuja kufunga mlango. Nikauimba ule wimbo ndani ya meno, nilikuwa naujua. Hatua tatu, nne, kwenye uwanja ule wenye vumbi. Nikahisi mgongo wangu umekuwa mpana. Nikasikia kitu kimeanguka, pwaa! Ni bibi, mkewe mzee, amesimama mlango wa jikoni, ungo umemponyoka na mahindi yametapakaa.

"Huyo!" akasema. "Huyo ndiye aliyekuja kwa baba yangu na blanketi begani!"

"Umemjuaje?" mzee akamwuliza, anajifanya hajali.

"Nitaacha kumjua? Ila wewe binti, bega la kulia lipandishe. Alikuwa na maringo huyu, ukimwona unamtaka na unamchukia."

Shangazi yangu, yule mkali, anacheka na kitenge mdomoni.

"Haya," mzee akasema, "sasa wapiganishe."

Nikawapiganisha. Mara ni Injini, mara ni Radi, nageuka huku na huku mpaka kizunguzungu. Raundi ya kwanza Radi anamfungia mlango, Injini hana pa kupita. Raundi ya pili Radi anampata ubavuni, bibi anapiga vigelegele. Mzee ameacha maharage, ngumi zake zimejikunja magotini bila yeye kujua.

Raundi ya tatu nikafika mahali pagumu. Shangazi ananikonyeza, maana yake mpe mzee ushindi tuondoke na mchumba. Ningefanya hivyo. Lakini Injini nilikuwa nimemwona, na ule mkono wake wa kushoto nilikuwa nimeuiba, na nilijua mtu anayekuja polepole vile angeukuta njiani. Nikiudanganya huo mkono, mzee atajua. Mtu aliyepigana miaka ile yote atakosa kujua?

Nikaurusha. Ukampata Radi kidevuni. Nikamwangusha goti moja, nikamwinua, nikamrudisha tena akiimba, akapigwa tena, akakaa chini kwenye vumbi, na hata pale amekaa viwiko vimebana.

Shangazi alifunika uso. Bibi akaruka, "Uongo! Huyu hakupigwa! Wewe binti umehongwa na watu wa stesheni!"

Mzee akakunjua ngumi zake. Halafu akaanza kucheka, kicheko kikavuta kikohozi, kikohozi kikavuta machozi, mpaka bibi akampiga mgongoni. Alipopata pumzi akaniambia, "Sasa hapo nimepigwa mimi." Akajipiga kifuani. "Mimi mwenyewe. Kule shambani alipigwa nani sijui."

Akamwambia mkewe ampokee kuku. Jumamosi alikuja Yakobi, koti lake, fimbo yake, akasema neno la posa mpaka baba akasahau kujibu. Na kabla hajaondoka akanitaka nimwoneshe Radi tena, mbele ya wakwe wote, na nipandishe bega.

Mwanangu, kuiga sikukukatazi. Mimi nikiacha kuiga mje mnizike. Bishaneni, pigeni kelele hapo kibarazani mpaka kuku watoroke, na mzee wa watu mkiona angepigwa, apigwe. Ila ukitaka kumpima mtu na mwingine, mlete mzima. Usimlete huyu na nguvu zake na yule na kikohozi chake, halafu ukajiona umeshinda hoja. Na wote hawa unaowapita barabarani wanatembea polepole wakishika ukuta, kila mmoja alikuwa na mwendo wake. Kama hukuuona, kaa naye chini umwulize. Atakuambia. Wengi wanangoja tu mtu aulize. Na ukikosea kama nilivyokosea mimi, usijifiche ndani unalia. Nenda ukapige magoti kungali mapema, wakati mwenyewe bado yupo wa kukusahihisha mguu.

Haya. Mungu akupe kifua kipana na miguu isiyochoka, akupe mwenzio wa kukupigia vigelegele hata ukiwa chini. Na siku ukizeeka, mwanangu, asikunyime kijana wa kukaa mbele yako na kukuuliza ulikuwaje.