Kalibu Aliyonichagulia Riziki

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja pale Malindi, miaka ya themanini, Wataliano wamejaa mahotelini na wake zao wote wataka kucha ndefu. Mimi na Riziki, binti wa mtaa wa Barani, tulikuwa wanagenzi katika saluni ya Bi Mwanaidi. Nafasi ya kazi ilikuwa moja tu. Siku hiyo kila mmoja wetu angejijengea kucha moja ya bandia, na Bi Mwanaidi achague wa kubaki.

Kucha ile hujengwa juu ya kalibu, kijikaratasi au kibati kiwekwacho chini ya ncha ya kucha yako, kishikilie unga uliolowa dawa mpaka ukauke. Mimi nilizoea karatasi. Riziki akanisogelea, mtamu kama halua.

"Shoga, karatasi za washamba hizo. Chukua hii ya bati, ndogo. Isukume ndani, kucha itoke nyembamba."

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee, lakini mimi shule niliiacha mapema na ujanja sikuwa nao. Nikasukuma. Kidole kikauma, damu ikachungulia. Nikaifuta kwa siri, nikaendelea. Wala sikutazama mwenzangu kashika nini. Kashika karatasi!

Bi Mwanaidi akauinua mkono wangu dirishani. Kibati hakikuenea; pembeni paliachia, na ule unga umepenya ukagandana na nyama.

"Nani kakufundisha haya?"

"Riziki, Bi."

"Wallahi sikusema!" Riziki akaruka. "Mbishi tu huyu."

"Riziki ana mdomo," akasema Bi Mwanaidi. "Lakini kidole kilipolia, mwanangu, mbona hukukisadiki?"

Riziki akabaki na kazi. Mimi nikarudi kwetu Kibarani, kucha ikang'oka, na mpaka leo huota imepinda. Watu huniambia nisamehe, huenda hakujua. Alijua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa wewe uendaye kuanza kazi hii, kalibu na ienee upana wa kucha, isiache upenyo, isichome nyama. Itazame ubavuni, inyooke na kidole. Ikikataa, ipunguze kwa mkasi au itupe, usilazimishe. Na anayekuchagulia, mtazame kwanza yeye ana ipi mkononi.

Nenda, mwanangu. Mola akupe mikono myepesi na wenzio wa kukutakia heri, na wasiokutakia akujulishe mapema.