Paleti ya Kumi

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa wanne mbele ya ghala la Dagoretti Corner: Bwana Mehta, Meneja wa Mizigo; Mzee Shikuku, kiongozi wa wapakiaji; Odhiambo, dereva wa foklifti; na mimi, Nekesa, nikiwa nimevaa sketi ya shule kwa sababu sikuwa na nyingine. Shule yenyewe nilikuwa nimeiacha kidato cha pili. Wazazi wetu walikuwa wamefariki wote wawili, na katika chumba chetu cha Kabiria walinisubiri wadogo zangu watatu: Simiyu, Wafula na Nafula.

"Unajua kuzidisha?" Bwana Mehta aliniuliza.

"Najua."

"Kugawa?"

"Pia."

"Basi ingia ndani upime. Shikuku, huyu wako."

Nilisita mlangoni mwa kontena tupu. Odhiambo akacheka juu ya mashine yake. "Siste, ingia tu! Hiyo kontena haing'ati."

Kazi ya mkadiriaji ni kusema, kabla mzigo haujaguswa, ni paleti ngapi zitaingia. Paleti ni ule uchaga wa mbao ambao mzigo hupangwa juu yake ili foklifti iubebe. Nyingi tulizotumia zilikuwa na urefu wa mita moja na sentimita ishirini, na upana wa mita moja. Kontena la futi ishirini, kwa ndani, halifiki mita sita kwa urefu, na upana wake ni mita mbili na sentimita thelathini na tano. Ukipanga safu mbili zilizonyooka, zinaingia paleti tisa. Ya kumi huingia ukibadilisha mkao wa zile za mlangoni, na hata hapo zinabaki sentimita kumi tu. Ni kazi ya mtu mmoja. Unasimama ndani ya lile sanduku la chuma na futi yako ya kupimia, ukiitamka namba inakurudia, na hakuna wa kukwambia kama umepatia mpaka siku ya kupakia.

Mzee Shikuku alinifundisha mambo ambayo hayako katika karatasi ya vipimo. Urefu wa kwenda juu pima mlangoni, si ndani, maana mlango ni mfupi kuliko dari. Tena usipime mbao, pima mzigo. "Na gunia, binti yangu, usilipime siku lilipopangwa. Liache lilale siku mbili. Gunia ni kama mtu aliyeshiba, likikaa linatoa tumbo."

Mwaka wangu wa pili, Ijumaa moja, ililetwa kahawa ya kwenda nje, magunia yamepangwa juu ya paleti asubuhi hiyo hiyo, yamenyooka kama ukuta. Nafula alikuwa anaanza shule ya bweni kesho yake na sanduku lake lilikuwa bado tupu. Nilipima upesi, nikaandika kumi, nikaenda zangu. Mzee Shikuku alikuwa ameondoka mapema siku hiyo.

Jumatatu paleti tisa ziliingia kwa shida. Ya kumi ilikataa. Odhiambo alijaribu mara tatu, akashuka, akaweka kiganja kwenye nafasi iliyokosekana. "Hii kitu imekataa, Mzee. Ni kiganja tu, lakini imekataa." Magunia yalikuwa yametoa tumbo, kila paleti kidogo kidogo, na zile sentimita kumi zilikuwa zimeliwa. Mwenye kahawa alisimama pale pale. Alikuwa amemwahidi mnunuzi paleti kumi kwa meli ile, na alituambia hataleta mzigo tena kwetu.

Bwana Mehta alikuja na karatasi yangu mkononi. "Nani alipima?"

Nilijua jibu lingenirudisha Kabiria bila kazi. Nilifungua mdomo. Mzee Shikuku alinitangulia.

"Ni mimi, bwana. Nilipima mwenyewe, nikamwambia msichana aandike kumi."

"Wewe? Wewe unajua gunia miaka yote hii!"

"Uzee, bwana."

Aliachishwa kazi kabla ya saa sita. Wakati akikunja koti lake nilimfuata nyuma ya ghala. "Mzee, niache nikaseme." Hakuinua kichwa. "Ukisema, tutafukuzwa wawili, na wale watoto watakula nini? Rudi ukapime." Nilirudi nikapima.

Tangu siku hiyo sikukosea tena. Nilihamishiwa ofisi ya katikati ya mji, chini ya Meneja wa Mipango, mama aliyependa kompyuta inayopanga paleti kwa rangi. "Nekesa, programu inasema kumi." Nikamwambia, "Programu haijaona magunia, madam." Tulipakia tisa, na tisa zikajaa. Baadaye nikawa Mkadiriaji Mkuu, nikapewa chumba changu na mlango wa kufunga. Wapakiaji walininyamazia nikipita. Wadogo zangu walisoma, wakaoa na kuolewa, wakaenda. Mimi nilibaki Kabiria, nikipika chakula kingi kuliko mlaji.

Siku ya kuniaga, Bwana Mehta, ambaye naye alikuwa amestaafu, alikuja na fimbo yake. Alisimama akasema, "Hesabu ya huyu mama haijawahi kukataa mlangoni." Watu walipiga makofi. Nilisema asante, nikakaa.

Mwezi uliopita nilipata namba ya simu ya nyumbani kwa Mzee Shikuku. Mkewe ndiye aliyepokea. Yupo hai, ila hasikii vizuri, ikabidi mama ampelekee maneno yangu kwa sauti kubwa. Nikamsikia akiuliza kitu kwa mbali.

"Anauliza kama wale watoto walimaliza shule," mama alisema.

"Mwambie walimaliza, wote watatu."

"Anasema basi."

Lakini kwa Bwana Mehta, Mzee Shikuku bado ni mtu aliyesahau kazi yake kwa uzee. Neno la kumsafisha ninalo mimi, na Bwana Mehta anaishi Parklands, upande wa pili wa mji huu huu. Nyumba yake naijua. Nimefika langoni mara mbili, na mara zote mbili mlinzi ameniuliza nimekuja kumwona nani, nami nikamwambia nimepotea njia.